Shilingi yako yaingia mfuko gani?

Idd ikifika, wengi wetu Mombasa huwapeleka watoto Mama Ngina, na wakizidi sana, Fort Jesus. Ngome hiyo, waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, ni mali ya umma. Pesa ya tikiti huenda kwa Makavazi ya Kitaifa.

Lakini mji wetu una vivutio vya namna nyingine. Changamwe kuna ushirika wa wachongaji wa Akamba Handicraft, ulioanza 1963. Pale wachongaji wenyewe ndio wanachama. Kinyago kikiuzwa, mchongaji hupata haki yake, na ushirika hubaki na sehemu ya kuendeshea kazi.

Bombolulu, ng'ambo ya daraja la Nyali, ni tofauti tena. Tangu 1969, mafundi wenye ulemavu hutengeneza pale mikufu, nguo na vinyago, chini ya APDK, shirika lisilo la faida. Kuna pia nyumba za kiasili za makabila mbalimbali. Hakuna tajiri anayengoja gawio. Kinachopatikana hurudi kwenye kazi.

Wengi hudhani kununua pale ni sadaka. La. Sadaka ina mlango wake. Fundi yule auza kazi ya mikono yake, nawe wapata mali yako.

Tumewaachia watalii sehemu hizi. Korona ilipowazuia 2020, tuliona wanaowategemea walivyoumia. Idd ijayo, ndugu zangu, tuwapeleke watoto huko pia.