Maji Safi kwa Nchi ya Makutano

Mtu akiondoka mji wa Embu na kuteremka kwa njia kuu mpaka Makutano, huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Kahawa huisha, mashamba ya mpunga ya Mwea hufuata, kisha huja udongo mkavu na miti ya miiba. Upande wa mashariki ni nchi ya Mbeere, ambayo mvua zake ni haba. Hata hivyo si nchi isiyo na mito. Rupingazi hutoka Mlima Kenya ukaingia Thiba, nao Thiba huingia Tana. Na katika Tana yamejengwa mabwawa matano makubwa ya umeme, tangu Kindaruma mwaka 1968 mpaka Kiambere mwaka 1988.

Basi shida ya wenyeji wa nchi hiyo ya chini siyo kuyaona maji, bali ni kupata maji ya kunywa bila hofu. Mto ukifika kwao umekwisha kupita katika mashamba, malisho na miji, nao umebeba udongo, mbolea na uchafu wa watu na wanyama. Katika mifereji ya mpunga mna konokono waletao kichocho, ambacho humpata mtu kwa kutia miguu tu majini. Mama abebaye maji ya lita 20, yaani uzito wa kilo 20, kwa mwendo mrefu juani, huenda amebeba na homa ya matumbo humo humo.

Wako watu wasemao kwamba maji yakionekana maangavu hayana dhara. Sivyo. Mfano mkubwa ulitokea Ujerumani mwaka 1892. Miji ya Hamburg na Altona ilikuwa imegusana, hata mtu akivuka njia tu alikuwa ametoka mji huu ameingia ule. Yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe. Tena Altona ulikuwa upande wa chini, ukichota maji yaliyokwisha kupokea taka za jirani yake. Lakini Altona uliyachuja maji yake kwa mchanga, na Hamburg haukuyachuja. Kipindupindu kilipoingia, watu zaidi ya 8,000 walikufa Hamburg. Waliokufa Altona walikuwa wachache sana kuliko hao.

Mchanga hufanyaje kazi hiyo? Maji hupitishwa polepole katika mchanga mwembamba uliolazwa juu ya kokoto. Baada ya majuma mawili au matatu hufanyika utando wa utelezi juu ya mchanga. Wengi wakiuona huuchukia na kutaka kuusugua, kumbe huo ndio wenye kazi, kwa kuwa viumbe vidogo vilivyomo hula vijidudu vya maradhi. Mchanga usiachwe kukauka, maana utando utakufa. Pipa la nyumbani laweza kutengenezwa vivyo hivyo, ila maji yatokayo humo yafaa bado yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini.

Kwa kijiji kizima, njia iliyo nafuu ni kuyachukua maji juu mlimani, kabla mto haujachafuka sana, kuyachuja huko huko, na kuyateremsha kwa bomba. Mteremko wenyewe huyasukuma, wala hakuna mafuta ya kununua. Kisima kirefu huhitaji mashine, na mashine huhitaji umeme au nguvu za jua, pamoja na fundi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na kazi ya kuyafikisha ni ya serikali za kaunti. Lakini bomba likipasuka juu, walio mwisho wa mstari ndio wakaukiwao kwanza, na watu wa nchi ya chini ndio wa mwisho. Kwa hiyo yafaa ada ndogo ikusanywe kila mwezi, awekwe mlinzi wa mstari, na mita zifungwe, ili aliye juu asimwagilie shamba lake maji ya kunywa ya aliye chini. Na maji yakisha kufika nyumbani, mtungi ufunikwe, yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, mkono usiguse ndani.