Msaada Hospitalini Baada ya Kujifungua Humsaidia Mama Kunyonyesha

Akina mama wengi nchini sasa hujifungulia katika vituo vya afya. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu (KDHS) wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 82 ya watoto walizaliwa katika vituo hivyo, kutoka asilimia 61 mwaka 2014. Lakini kiwango cha watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee hakikupanda: kilikuwa asilimia 61 mwaka 2014 na asilimia 60 mwaka 2022. Kufika hospitalini ni hatua ya kwanza tu; huduma anayopata mama baada ya kujifungua ina uzito wake.

Saa ya kwanza

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Mkunga humweka mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, ili apate joto na atafute titi mwenyewe. Kunyonya huko huuamsha mwili wa mama utengeneze maziwa, na pia husaidia mji wa mimba kujikaza na kupunguza damu.

Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ni mazito, ya manjano na machache. Baadhi ya watu huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Ukweli ni kwamba yana kinga nyingi dhidi ya maradhi, na kiasi hicho kidogo kinatosha tumbo la mtoto mchanga.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji pia anaweza kunyonyesha mara anapopata fahamu na nguvu, akisaidiwa kumshika mtoto bila kuumiza kidonda. Anayeishi na virusi vya Ukimwi na anayetumia dawa zake ipasavyo hushauriwa kunyonyesha pia, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

Kumshikisha mtoto titi

Kabla ya mama kuruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi anafaa kumtazama akinyonyesha. Mdomo wa mtoto uwe wazi kabisa, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani ya mdomo. Mtoto akishika chuchu pekee, mama huumia, chuchu hupasuka, na mtoto hashibi.

Chupa ya maziwa ya kopo bila sababu ya kitabibu huleta tatizo jingine. Mtoto aliyeshiba chupa hunyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa. Sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama inakataza kampuni kuyatangaza au kugawa sampuli za bure kwa akina mama.

Siku ya tatu nyumbani

Maziwa mengi huanza kujaa kati ya siku ya pili na ya nne, wakati ambapo akina mama wengi wameshatoka wadi. Matiti hujaa na kuwa magumu, mtoto hulia usiku, na jamaa hushauri apewe maji au uji. Hapo ndipo baadhi huacha kunyonyesha maziwa ya mama pekee.

Kwa hiyo ziara ya kliniki kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua isikosekane. Baada yake kuna ziara ya wiki ya pili na ya wiki ya sita. Mhudumu wa afya ya jamii kijijini anaweza pia kumtembelea mama na kumwelekeza.

Mama arudi kituoni haraka iwapo:

• titi lina uvimbe mwekundu wenye maumivu, au ana homa;
• mtoto anakataa kunyonya au analala mno bila kuamka kunyonya;
• baada ya siku ya tano mtoto anakojoa chini ya mara sita kwa siku.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Mume, mama mkwe na jirani wakipokea kazi nyingine za nyumbani, mama hupata nafasi ya kufanya hivyo.