Mbwa wa mbio: akishinda ni mali, akivunjika mguu ni mzigo

"MWALIMU, hivi hawa mbwa wapo kweli, au kuna watu wanatuchezea akili?"

Swali hilo niliulizwa Kigoma mjini na mama mmoja mfanyabiashara ambaye huvuka naye mpaka mara kwa mara. Mimi hutoka Nyanza-Lac kufuata vitabu vya Kiswahili vya kufundishia, yeye hufuata chumvi ya Uvinza na vitenge. Siku hiyo tulikuwa tumesimama mlangoni mwa kibanda cha kubeti. Ndani walikuwamo vijana wapatao ishirini, wote wamekodolea macho kioo cha televisheni. Mbwa sita wembamba, wenye miguu mirefu na vizibao vya rangi rangi, walitoka mbio kwenye vizimba, wakazunguka uwanja, wakamaliza. Haikupita nusu dakika. Wengine wakashangilia, wengi wakachana karatasi zao.

Mmoja wa waliochana alikuwa mtoto wa dada yake huyo mama. Asubuhi alikuwa amemkabidhi shilingi 180,000 za Tanzania akalipie magunia ya chumvi. Tulipomkuta zilikuwa zimebaki shilingi 11,000. Kijana hakusema kitu, aliangalia chini tu.

Nilimjibu yule mama: "Mama, hao unaowaona hapo hawapo. Ni picha za kompyuta. Lakini wapo wengine wa nyama na damu, ambao hawa wamechorwa kwa mfano wao, na habari yao ni ndefu."

"Basi utanisimulia garini," alisema, "maana leo sina mzigo wa kunishughulisha."

Niliyomsimulia njiani hadi Manyovu ndiyo ninayoyaandika hapa. Nilianza kuifuatilia habari hii miaka michache iliyopita, wanafunzi wangu wa sekondari walipoanza kuandika namba za mbwa nyuma ya madaftari yao. Nilitaka kujua ni mbwa gani hao wanaowashinda walimu kwa kupendwa.

Ndugu msomaji, mbwa hao kwa Kiingereza huitwa greyhound, nasi tunaweza kuwaita grehaundi. Ni mbwa wa kuwinda wa tangu zamani. Anaona mbali, kifua chake ni kipana, tumbo limeingia ndani, na akikimbia anafikia mwendo wa kilomita zaidi ya 60 kwa saa. Zamani walifunguliwa porini wamfukuze sungura. Mwaka 1919 Mmarekani Owen Patrick Smith alifungua uwanja huko Emeryville, California, ambako mbwa walimfukuza sungura wa bandia anayevutwa na mtambo. Tarehe 24 Julai 1926 mchezo huo ulifika Uingereza katika uwanja wa Belle Vue, mjini Manchester. Wafanyakazi wa viwandani waliupenda upesi, kwa kuwa ulifanyika jioni, karibu na makazi yao, na mtu aliweza kuweka dau dogo. Mbwa mmoja aliyeitwa Mick the Miller alishinda kombe lao kubwa, la Derby, mwaka 1929 na tena 1930, akawa maarufu kama mchezaji wa mpira.

Hata zile rangi za vizibao tulizoziona Kigoma ni za Uingereza. Kule namba moja huvaa nyekundu, mbili bluu, tatu nyeupe, nne nyeusi, tano rangi ya machungwa, na sita mistari myeusi na myeupe.

Sasa tuangalie maisha ya huyo anayevaa kizibao. Wengi wa mbwa wanaokimbia Uingereza huzaliwa Ireland. Wakiwa wadogo huchorwa namba ndani ya sikio ili wasibadilishwe. Wakifikisha miezi kama 15 huanza kushindanishwa. Muda ambao hawakimbii wala hawafanyi mazoezi, wengi huwa wamefungiwa katika mabanda. Anayeonekana mzito hata kabla ya shindano lake la kwanza huwa amekwisha kuwa hasara, maana anakula kama mwenzake lakini haleti kitu.

Hatari kubwa uwanjani ni kona. Mbwa sita wanatoka pamoja, wote wanataka njia ya ndani, wanafika kwenye kona ya kwanza kwa mwendo ule mkubwa, wanagongana na kuanguka. Aidha, kwa kuwa huzunguka upande mmoja siku zote, kushoto, uzito wa mwili kwenye kona huangukia mfupa ule ule. Ndiyo maana kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia ni mahali panapovunjika sana. Mfupa huo unatibika, lakini matibabu ni ghali, na aliyetibiwa huenda asikimbie tena kama zamani. Hapo mwenye mbwa hupiga hesabu. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Kwa mbwa wa mbio mzigo ni dau, na dau likishafika, habari za punda huwa hazina mwenyewe.

Hata asiyevunjika humaliza kazi mapema. Wengi huacha mbio kabla ya kutimiza miaka mitano, na mbwa huyu akitunzwa anaweza kuishi miaka 12 na kuzidi. Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: ile miaka saba au minane iliyobaki, nani atamlisha?

Jibu la kutisha lilitolewa mwaka 2006. Gazeti la Sunday Times la Uingereza lilifichua kuwa katika mji wa Seaham, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, kulikuwa na mtu anayepelekewa mbwa waliochoka, akiwaua mmoja mmoja kwa chombo kama kile cha machinjioni, na kuwazika katika shamba lake. Malipo yalikuwa paundi 10 kwa mbwa. Ilidaiwa kuwa kazi hiyo ilikwenda kwa miaka 15 na kwamba waliozikwa pale huenda walifikia 10,000. Jambo lililowaudhi wengi ni kwamba hakushtakiwa kwa kuua, kwa kuwa sheria haikumkataza. Alishtakiwa kwa kuzika taka ardhini bila kibali. Fikiria, ndugu msomaji: mbwa aliyepigiwa makofi na uwanja mzima, mahakamani anaitwa taka.

Kelele zilizofuata zilileta mabadiliko. Kanuni za mwaka 2010 za England zinataka daktari wa mifugo awepo uwanjani kila mbwa wanapokimbia, kila mbwa atambulike kwa alama yake, na kila jeraha liandikwe. Baadaye chama kinachosimamia mbio hizo kilianza kutangaza idadi ya walioumia na waliokufa. Mwaka 2020 kilianzisha mpango ambao mwenye mbwa huweka fedha mapema, kwa ajili ya kumtafutia mbwa huyo nyumba atakapostaafu.

Australia nako mambo yaliharibika. Mwezi Februari 2015 televisheni ya taifa, ABC, ilionyesha picha za siri za wafunzaji wakitumia wanyama hai, wakiwamo sungura na watoto wa nguruwe, kuwaamsha mbwa hamu ya kukimbiza. Katika jimbo la New South Wales iliundwa tume chini ya jaji mstaafu Michael McHugh. Taarifa yake ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa katika miaka 12 mbwa kati ya 48,000 na 68,000 waliuawa kwa sababu tu walionekana hawana mbio za kutosha. Waziri mkuu wa jimbo, Mike Baird, alitangaza mwezi Julai kuwa atapiga marufuku mchezo huo. Ilipofika Oktoba, baada ya kupingwa vikali vijijini na hata ndani ya serikali yake, aliurudisha.

Wengine hawakurudi nyuma. Huko Florida, Marekani, wananchi walipiga kura Novemba 2018, asilimia 69 wakataka mbio zikome, na mwisho wa mwaka 2020 zikakoma. Macau, uwanja uliofunguliwa mwaka 1931 ulifungwa Julai 2018 na kuacha mbwa zaidi ya 500 wasio na pa kwenda, hadi watu wa kutetea wanyama walipowatafutia makazi, wengi wao nchi za mbali. New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kuwa itaufunga mchezo huo na kuupa muda hadi Julai 2026. Wales nayo ilitangaza nia kama hiyo Februari 2025.

Haki ni kusikiliza pande mbili. Wenye mbwa wanasema wanawapenda, na wako wanaolala nao nyumbani. Wanasema mbwa huyu kuzaliwa kwake ni kukimbia, humshurutishi. Wanasema pia kuna wafunzaji, wapishi na wafagiaji wanaolisha watoto kwa kazi hiyo. Hayo siyapuuzi. Mimi mwenyewe nimewahi kuona kijiji kikikosa mkate kwa amri iliyosainiwa mbali. Lakini kupenda kukimbia si kupenda kuvunjika, na kazi inayohitaji watoto wengi wazaliwe ili wachache wachaguliwe ina deni ambalo halimo katika vitabu vya hesabu.

Yule mama alinisikiliza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, na wewe mbona unaongea kama mtu aliyefiwa?"

Nikamwambia ukweli. Mimi nilizaliwa mwaka 1980 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, wazazi wangu wakiwa wamekimbia Burundi mwaka 1972. Shule yangu yote ilikuwa Tanzania. Baba alilima tumbaku na mahindi, na usiku nguruwe pori walikuja kumaliza mahindi. Aliyewazuia alikuwa mbwa wetu, jina lake Hayakuhusu. Baba alimwita hivyo kwa ajili ya jirani mmoja mdadisi. Hayakuhusu alipasuliwa ubavu na nguruwe mara mbili, akapona mara mbili. Naweza kusema ada yangu ya shule ililindwa na meno yake.

Mwaka 2008 tuliulizwa tuchague, uraia wa Tanzania au kurudi nyumbani. Baba alichagua kurudi, na mwaka 2009 tukapanda lori. Tuliruhusiwa vyombo, magodoro, mabati, hata kuku. Mbwa, tuliambiwa, hapandi. Wakati huo Hayakuhusu alikuwa mzee, jicho moja limeingia ukungu. Alilifuata lori hadi pumzi zilipomwisha, akakaa katikati ya barabara. Baba hakugeuka. Mimi niligeuka. Hatukuwa tumemwomba jirani yeyote amtunze, na jambo hilo sikulisahau, kwa sababu muda wa kuomba tulikuwa nao. Hatukufikiri tu. Alikuwa amemaliza kazi.

Nisieleweke vibaya, silinganishi mtu na mbwa. Wala sisemi mtu mwenye njaa amnyime mwanawe ugali ampe mbwa. Ninasema kwamba wale wa Uingereza na Australia si watu wa ajabu. Walifanya kwa maelfu jambo ambalo mimi na baba yangu tulifanya kwa mmoja.

Mama alinyamaza kidogo, akasema: "Kumbe mbwa wa kioo ndio wenye bahati. Hawavunjiki mguu."

Ni kweli, lakini pale kioo kinavunja kitu kingine. Mbio za kweli zina vumbi, zina mbwa aliyelala vibaya, zina kona. Anayezijua anaweza angalau kubahatisha kwa akili. Mbio za kompyuta hazina lolote kati ya hayo. Mshindi huchaguliwa na mashine kwa bahati nasibu, na malipo yamepangwa ili kwa jumla kampuni ibaki na sehemu ya kila kinachowekwa. Ukishinda mara moja, dakika chache baadaye zinaanza nyingine, na nyingine, mchana kutwa. Hakuna mbwa wa kuchoka. Anayechoka ni mtaji wa chumvi.

Tulipofika mpakani yule kijana alikuwa amekaa nyuma kabisa, peke yake. Shangazi zake wawili waliokuwa garini walimtaka mama amfukuze, wakisema kijana wa hivyo hafai tena biashara. Mama alitoka nje, akamwita.

"Shika mfuko huu," alimwambia. "Hela hutashika hadi Krismasi. Mzigo utabeba, na kila safari nitakukata. Lakini kukutupa sikutupi."

Kijana aliinama, akasema, "Shikamoo, mama mkubwa," ingawa walikuwa wameamkiana asubuhi. Mama akaitikia, "Marahaba," akaenda kupanga foleni ya kugonga mhuri.

Wako watu huko Ulaya na Marekani wanaochukua mbwa wa mbio waliostaafu na kukaa nao majumbani. Wanasimulia kuwa wengi hawajui kupanda ngazi, kwa sababu hawajawahi kuziona, na kwamba mbwa huyu tunayemwona akiruka kama mshale hupenda kulala sehemu kubwa ya siku. Wakati wa baridi huvalishwa koti, manyoya yake ni mepesi. Huyo ndiye mbwa mwenyewe, akishavuliwa namba.

Kwangu Nyanza-Lac ninaye mbwa mmoja wa kawaida, mzee. Habweki tena, na mwizi akija nadhani atamwamkia. Mama watoto huniuliza kila jioni kwa nini ninamtengea chakula asiyelinda. Namjibu kwamba huyo amestaafu.