Safari ya Kwenda Maporomoko ya Nabuyole

Msafiri aliyeko Kamukuywa, kwenye barabara kuu ya Kitale hadi Webuye, huhitaji matatu ya kuelekea kusini tu ili ayakaribie maporomoko ya Nabuyole, yaani mahali ambapo Mto Nzoia, utokao milima ya Cherangani ukielekea Ziwa Victoria, huanguka juu ya miamba karibu na mji wa Webuye, uliojulikana zamani kama Broderick Falls. Mvua za masika hulijaza poromoko na kulipa ngurumo, lakini maji huwa ya rangi ya udongo na njia huteleza. Kwa hiyo Januari, msimu wa kiangazi, ndio bora kwa mtembeaji. Avae viatu vyenye meno, na asikanyage mwamba wenye ukungu wa kijani.