Sura ya 6: Baada ya Ocean Road

Mwanamke wa Rungwe anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi hukaa Dar es Salaam wiki tano au zaidi. Mionzi ya nje hupigwa siku 5 za wiki, kisha huongezwa ile inayowekwa ndani ya mwili. Kutoka Mbeya mjini hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road ni zaidi ya kilomita 800 za basi. Kutoka Iringa ni kama 500. Familia imeuza ng'ombe, kikoba kimekopesha, ndugu wa mjini ametoa chumba. Siku ya mwisho mgonjwa hupewa karatasi na tarehe ya kurudi. Ana miaka mingi ya kuishi bado, na kwa miaka hiyo mtu wa tiba aliye karibu naye ni tabibu wa zahanati ya kijijini kwao.

Nchi nyingine kazi ya kumfuatilia mgonjwa huyu ni ya daktari wa familia, yule mwenye mafunzo ya uzamili katika kutunza watu wa nyumba moja tangu utotoni hadi uzeeni. Sisi tunao wachache. Chuo Kikuu cha Aga Khan huwafundisha Dar es Salaam, na jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, walianza mwaka 2005. Huku Nyanda za Juu Kusini anayeitwa "daktari" kijijini kwa kawaida ni tabibu mwenye stashahada ya miaka 3, akisaidiana na muuguzi. Juu yao wako madaktari wa hospitali kama Tosamaganga na Ilula kwa upande wa Iringa, au Igogwe kwa upande wa Rungwe, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Katika sura hii nawahesabu wote kuwa madaktari wa familia, kwa sababu ndio wanaoifanya kazi yenyewe.

Je, mgonjwa wa saratani anaweza kuachiwa watu wasio mabingwa? Swali hilo lilipimwa. Mtafiti Eva Grunfeld aliongoza jaribio nchini Kanada, likachapishwa mwaka 2006: wanawake 968 waliotibiwa saratani ya matiti katika hatua za mapema waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wafuatiliwe na daktari wao wa familia, wengine na kituo cha saratani. Madhara makubwa yatokanayo na ugonjwa kurudi yalikuwa asilimia 3.5 kwa kundi la kwanza na 3.7 kwa la pili. Hakuna aliyepoteza kitu kwa kubaki karibu na nyumbani. Ila waliotumwa kwa madaktari wao walipelekwa na maelekezo ya maandishi, ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo ndio tunaoukosa sisi, kuliko hata mashine.

Chukua mfano wa mkojo wenye damu. Mama anafika zahanati akilalamikia hali hiyo. Tabibu, hasa wa mabonde ya mpunga, atawaza kichocho, atampa vidonge vya prazikwanteli. Isipokoma atawaza maambukizi ya njia ya mkojo na kumwandikia antibayotiki. Kumbe miaka mitatu nyuma mama huyu alipigwa mionzi ya nyonga. Mionzi huharibu mishipa midogo ya damu kwenye kibofu na utumbo polepole, na damu inaweza kuonekana miezi au hata miaka mingi baada ya tiba. Choo chenye damu nacho kitaitwa amiba kwa mtindo huohuo. Tabibu hajakosea kuwaza alivyowaza, maana ndiyo magonjwa anayoyaona kila wiki. Amenyimwa habari.

Zipo dalili nyingine ambazo hazifai kusubiri tarehe ya Ocean Road: mguu mmoja kuvimba, maumivu ya nyonga yanayoshuka hadi mguuni, mkojo kupungua, damu mpya ukeni. Saratani ya mlango wa kizazi ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo. Anayeweza kuziona dalili hizi ni yule anayemwona mama huyu akija kupima presha au kumleta mjukuu kwenye chanjo.

Aliyetibiwa saratani ya titi ana mambo yake. Wengi huandikiwa tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5, pengine 10, na kishawishi cha kukiacha ni kikubwa kwa mtu anayejisikia mzima. Akiwa amekoma hedhi kisha akatokwa damu, apelekwe kuchunguzwa kizazi. Akiwa ametolewa matezi ya kwapa, mkono wa upande huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Kwa mchuma chai wa Mufindi mkono ni mshahara, kwa hiyo kila mchubuko uoshwe mapema, na ukigeuka mwekundu na wa moto atibiwe siku hiyohiyo.

Basi mfumo wa kuwafuatilia watu hawa utoke wapi? Kwa maoni yangu tunao tayari, tena tuliujenga kwa machozi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchi nzima, lakini 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Tangu dawa za bure za VVU zilipoanza kusambazwa mwaka 2004, kliniki za matunzo na tiba kwa wenye VVU (CTC) zimejifunza kumtunza mtu kwa maisha yake yote: kadi anakaa nayo, faili linabaki kliniki, tarehe ikipita kuna wa kumtafuta mtaani. Tena mwanamke mwenye VVU ana hatari mara 6 zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo wengi wa akina mama hawa wana faili CTC kabla hawajaiona Ocean Road. Kuongeza humo karatasi moja ya saratani, yenye aina ya ugonjwa, sehemu iliyopigwa mionzi, dawa alizopewa na dalili za kuogopa, si kazi ya kusubiri wafadhili.

Karatasi haitamaliza yote. Mionzi ya nyonga hukausha na kuubana uke, na huleta ukomo wa hedhi mapema hata kwa mwenye miaka 35. Ndoa huyumba, mume hudhani anakataliwa, au huogopa kuambukizwa saratani, jambo lisilowezekana. Tabibu kijana aliyetoka kumwamkia mama huyo shikamoo hawezi kumuuliza habari za chumbani, na mama naye hatazisema. Muuguzi mkunga anaweza. Ndiye aliyemzalisha, na anajua kumwita mume naye aje kliniki aelezwe kwamba kilainishi kinasaidia, kwamba daktari anaweza kumpa mkewe kifaa cha kuutanua uke taratibu, na kwamba si lazima waharakishe.