Manyani wa Shaaban Robert na Wanyama wa Chepsaita

Adili na Nduguze, riwaya ya marehemu Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952, wengi huisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, kisha huiacha ikaliwa na mende. Ni hasara kubwa, kwani ni katika vitabu vichache vya ajabu vya Kiswahili vinavyomfaa kijana anayejiuliza: mimi ni nani?

Kisa chenyewe si kigeni kwetu watu wa pwani. Mizizi yake imo katika Alfu Lela Ulela. Adili, liwali wa Janibu, kila usiku huwapiga manyani wawili, kisha huwalisha kwa huruma. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Walimtosa baharini kwa choyo, na jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamtoa majini na kuwageuza nduguze wanyama. Nani asiyemkumbuka hapo Nabii Yusuf, alayhi salaam, na nduguze waliomtia kisimani?

SWALI LA MZEE

Kitabu hiki nimekisoma upya nikiwa Chepsaita, upande wa Turbo, magharibi ya Eldoret. Huku hakuna bahari wala mnazi. Kuna mahindi, ng'ombe wa maziwa na baridi ya alfajiri. Mzee mmoja Mnandi alinikaribisha mursik, nami nikamsimulia habari za Adili. Hakucheka hata kidogo. Aliuliza neno moja tu: "Mwanangu, manyani hao walikuwa wa ukoo gani?"

Swali hilo lina maana yake. Kwa Wanandi kila ukoo una mnyama wake, na mtu wa ukoo huo humheshimu mnyama yule. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi cha mwaka 1909, aliziorodhesha koo hizo: Talai na simba, Tungo na fisi, Kipkenda na nyuki, Kipkoiitim na tembo. Nyani naye yumo. Mtu hachagui mnyama wake, bali humkuta pale anapozaliwa.

Shaaban Robert ameshika njia nyingine. Hasidi na Mwivu hawakuzaliwa manyani. Walilelewa nyumba moja na Adili, wakarithi kama alivyorithi, na walipofilisika nduguye aliwagawia mali yake. Damu yao ilikuwa moja, lakini kila mmoja akawa mtu wake kwa matendo yake. Mnyama wa Chepsaita humwambia mtu ametoka wapi; nyani wa Janibu humwonyesha amefika wapi.

Hata hivyo wazee wa Chepsaita na mwana wa Tanga wanakutana mahali pamoja: wote wawili hawamdharau mnyama. Adili alimwonea huruma kiumbe atambaaye ardhini, aliyekuwa akikimbia adui mwenye nguvu, bila ya kujua kwamba ni binti wa majini. Wema huo mdogo ndio uliookoa maisha yake.

MSICHANA PEKE YAKE

Sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya Mji wa Mawe. Watu wote wa mji, tangu mfalme hadi mchuuzi, wamegeuka mawe kwa ukaidi wao. Mwelekevu peke yake ndiye amebaki akipumua, kwa sababu alikubali haki iliyokataliwa na wote, wazazi wake wakiwamo. Kijana anayevutwa na kundi la mtaani asomapo hapo atajua kwamba wingi wa watu si hoja.

Wako wanaosema kwamba wahusika hawa ni majina tu: ukishamwita mtu Hasidi, umekwisha kumhukumu. Lawama hii ina uzito. Lakini mwandishi hakuwaacha ndugu hao nyikani. Mwishowe wanarudishiwa ubinadamu wao. Jina halikuwafunga, wala ngozi ya nyani haikuwafunga daima.

Shaaban Robert alifariki Tanga mwaka 1962. Mzazi mwenye nakala ya kitabu hiki na ampe mwanawe akisome wakati wa likizo, pasipo mtihani wala maswali ya mwalimu. Akimaliza, amwulize lile swali la mzee wa Chepsaita, kisha anyamaze asikilize jawabu.