Bahari Ambayo Hakuna Aliyeiona

Mtu akisikia kwamba chombo kimerushwa angani kwenda kutafuta uhai, mara hufikiria viumbe wenye vichwa vikubwa na macho ya bundi, kama wale wanaoonyeshwa kwenye sinema. Wataalamu wanaotuma vyombo hivyo hawana habari na viumbe hao. Wanachotafuta ni maji, chumvi na joto kidogo. Yaani wanatafuta kwanza nyumba inayoweza kukalika. Kama ina mwenyewe au haina, hilo ni swali la baadaye.

La kushangaza ni kwamba nyumba hiyo hawaitafuti karibu na jua. Wanaitafuta mbali sana, kwenye baridi kali, katika miezi inayozunguka sayari mbili kubwa: Mshtarii, ambayo wanafunzi wa siku hizi huiita Jupita, na Zohali, ile yenye pete. (Miezi hii, msomaji, si ile ya kungojea mshahara. Ni miezi kama huu wetu unaotumulikia usiku, ila sayari hizo zina mingi, na mikubwa yote ina majina yake.)

Miezi minne mikubwa ya Mshtarii ilionekana mara ya kwanza Januari 1610, wakati Galileo Galilei alipoielekeza darubini yake angani katika mji wa Padua, Italia. Mmojawapo ni Europa, mwezi mdogo kidogo kuliko wetu. Juu yake ni barafu tupu, ngumu kama jiwe, na hata katika ikweta yake baridi hufika kiasi cha nyuzi 160 chini ya sifuri. Kwa miaka zaidi ya 300 machoni mwa watu haukuwa zaidi ya kitone cha mwanga.

Julai 1979 chombo cha Marekani kiitwacho Voyager 2 kilipita huko na kuleta picha. Wataalamu waliona tufe laini lenye nyufa ndefu za rangi ya kahawia zinazokatana huku na huko, kama sahani ya kauri iliyopasuka pasipo kuvunjika. Mashimo yanayochimbwa na vimondo, ambayo yamejaa katika mwezi wetu, huko yalikuwa machache mno. Basi ukiona barabara haina mashimo, ama imejengwa jana, ama yupo anayeitengeneza. Ni nani aliyekuwa akiutengeneza uso wa Europa?

Bamvua na maji mafu

Msomaji wa pwani huenda akalielewa jibu upesi kuliko ndugu yake wa bara. Mvuvi wa Lamu anajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, bahari ikajaa sana na kupwa sana, na katikati ya nyakati hizo huja maji mafu. Nguvu inayoivuta bahari yetu hivyo ni ya mwezi, ukisaidiwa na jua. Kule Mshtarii mambo yamepinduka: ni sayari inayouvuta mwezi, nayo ina uzito mara 318 ya dunia yetu.

Europa huizunguka Mshtarii kwa siku tatu na nusu hivi. Lau njia yake ingekuwa duara kamili, mvuto ungekuwa ule ule daima na mwezi ungezoea. Lakini miezi jirani, Io na Ganymede, huuvutavuta, na kwa hiyo mara huikaribia sayari, mara huwa mbali nayo kidogo. Kila mzunguko mwezi mzima hunyooshwa na kuminywa. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua mara nyingi upesi upesi, kisha uguse pale kinapokunjika. Utaungua kidole. Joto la Europa hutoka huko.

Jambo hili lilihesabiwa kwa kalamu kabla halijaonekana kwa macho. Mapema Machi 1979 wataalamu watatu wa Marekani, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds, walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba mwezi Io, ulio karibu zaidi na Mshtarii kati ya ile minne mikubwa, lazima uwe umeyeyuka ndani kwa kuminywa huko. Siku chache tu baadaye Bi. Linda Morabito, mhandisi aliyekuwa akizikagua picha za Voyager 1, aliona wingu limesimama pembeni mwa Io. Ulikuwa moshi wa volkano. Ni mara chache sana wenye hesabu hupata jibu lao haraka namna hiyo.

Ikiwa Io ina moto, basi Europa, iliyo mbali zaidi kidogo, huenda ikawa na joto la kutosha kuyeyusha barafu kwa chini. Lakini bahari iliyofunikwa na barafu ni giza tupu, na kila mtu alikuwa amefundishwa shuleni kwamba bila jua hakuna uhai. Kwa bahati fundisho hilo lilikuwa limetikiswa miaka miwili tu nyuma. Mwaka 1977 nyambizi ndogo iitwayo Alvin iliteremka karibu na visiwa vya Galápagos hadi kina cha mita 2,500 hivi, na waliokuwa ndani yake wakakuta chemchemi za moto zikibubujika sakafuni mwa bahari, na kuzizunguka umati wa viumbe hai: chaza wakubwa, kaa, na baadaye minyoo mirefu kama mabomba. Jua halifiki kule. Viumbe wale wanategemea vijidudu ambavyo chakula chao ni kemikali zinazotoka ndani ya ardhi.

Kuisikiliza bahari kwa sumaku

Utajuaje kwamba kuna bahari chini ya barafu yenye unene unaokadiriwa kuwa kilomita 15 hadi 30, bila kutoboa hata tundu moja? Hapa ndipo mimi huwavulia kofia wataalamu hawa.

Chombo kilichopewa jina la Galileo kiliondoka duniani Oktoba 1989 na kufika Mshtarii Desemba 1995. Kilifika kikiwa kilema. Eriali yake kubwa, iliyokunjwa kama mwavuli, ilikataa kufunguka mwaka 1991, na kila jitihada ya kuifungua ikashindikana. Habari zote zikabidi zipitie eriali ndogo, kwa mwendo wa kobe. Hata hivyo kilikuwa na chombo cha kupima usumaku, na Profesa Margaret Kivelson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzake, wakakitumia kwa ujanja.

Mshtarii ni sumaku kubwa, na sumaku hiyo imeinama kidogo. Sayari inapojizungusha, Europa hupigwa na usumaku unaogeuka upande mmoja hadi mwingine kila baada ya saa chache. Barafu haipitishi umeme, lakini maji ya chumvi hupitisha. Kama chini kuna bahari ya chumvi, usumaku unaogeuka utaamsha mikondo ya umeme ndani yake, na mikondo hiyo itazaa usumaku mwingine wa kuujibu ule wa kwanza. Galileo kilipopita Januari 2000 kilikuta jibu limegeuka sawasawa kama hesabu zilivyotaka. Kwa makadirio ya leo bahari hiyo ina maji mara mbili ya bahari zote za dunia yetu.

Mtu wa pili katika habari hii ya sumaku ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Profesa Michele Dougherty alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi baba yake alipotengeneza darubini nyumbani, na kwa darubini hiyo akaiona Mshtarii na miezi yake. Alisoma Chuo Kikuu cha Natal, akaenda Ulaya, na hatimaye akawa mkuu wa kipimo cha usumaku katika chombo Cassini, kilichorushwa Oktoba 1997 na kufika Zohali katikati ya 2004. Mwaka 2025 aliteuliwa kuwa Mnajimu wa Kifalme wa Uingereza, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho tangu kianzishwe miaka 350 iliyopita.

Zohali ina mwezi uitwao Enceladus, kijimwezi chenye upana wa kilomita 500. Basi litokalo Mombasa asubuhi lingekuwa limeuvuka kufikia jioni. Kitu kidogo namna hiyo hutazamiwa kiwe kimeganda hadi moyoni zamani za kale. Lakini Februari 2005 Cassini kilipopita kwa mbali, mistari ya usumaku ilionekana imepinda kuuzunguka, kana kwamba kuna kitu kinachoisukuma. Bi. Dougherty na wenzake wakawaomba wakuu wa safari wakisogeze chombo karibu zaidi katika safari ya baadaye. Kubadili njia ya chombo cha thamani kubwa kwa sababu ya mstari uliopinda kwenye karatasi si ombi dogo. Kama asingekuwa na hakika ya vipimo vyake, aibu ingekuwa yake. Walikubali. Julai 14, 2005 Cassini kilipita kilomita 173 tu juu ya Enceladus.

Walikuta ncha ya kusini ina nyufa nne ndefu zenye joto, na mvuke ukitoka ndani yake. Picha za Novemba mwaka huo zilionyesha mvuke na chembe za barafu vikiruka juu angani kwa mamia ya kilomita, kama maji yatokayo kwenye bomba lililopasuka. Kumbe hakuna haja ya kutoboa barafu. Mwezi wenyewe unaimwaga bahari yake nje, na chombo hupita katikati na kuionja.

Cassini kilipita mara kadhaa, Oktoba 2008 kikiwa kilomita 25 tu juu ya barafu. Kilionja chumvi. Kilionja kemikali za kaboni. Kilikuta chembe ndogo mno za silika, jamii ya mchanga, ambazo mwaka 2015 wataalamu walieleza kwamba hutokea pale maji yenye joto la nyuzi 90 au zaidi yanapokutana na mawe. Maana yake huenda kule chini kuna chemchemi za moto kama zile za Galápagos. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba ndani ya mvuke kuna haidrojeni, ambayo hapa duniani ni chakula cha vijidudu fulani. Na mwaka 2023 Profesa Frank Postberg wa Berlin na wenzake, wakizichambua tena kumbukumbu za zamani za Cassini, walipata fosfati, ambayo bila hiyo mifupa yetu wala chembechembe za urithi zisingekuwapo.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kuandika kwa herufi kubwa kwamba uhai umepatikana. Haujapatikana. Hata hiyo haidrojeni ina pande mbili. Ukiingia nyumba ngeni ukakuta meza imejaa chakula ambacho hakijaguswa, unaweza kusema wenyeji ni matajiri. Unaweza pia kusema nyumba haina watu. Vyombo vya Cassini havikutengenezwa kuamua swali hilo, kwa sababu kilipoondoka duniani hakuna aliyejua kwamba Enceladus inamwaga maji.

Mgeni asiingie na tope

Septemba 21, 2003 Galileo kiliamriwa kijitose ndani ya Mshtarii, kikateketea. Septemba 15, 2017 Cassini nacho kikajitosa ndani ya Zohali. Vyombo vyote viwili vilikuwa vikiishiwa mafuta ya kujiongozea, na ilihofiwa kwamba vikiachwa vitangetange siku moja vingegonga mwezi wenye bahari, navyo huenda vilibeba vijidudu vya duniani vilivyostahimili safari. Wapo wanaoona huo ni uharibifu wa mali. Mimi naona ni busara. Kijidudu kimoja kutoka Florida kikiingia katika bahari ile na kuzaana, wajukuu wetu watakaoitoboa barafu watakuta uhai, nao hawatajua kama ni wa wenyeji au ni wetu.

Sasa vyombo viwili vipya viko njiani. JUICE cha Ulaya kiliondoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, Aprili 14, 2023, nacho kinatazamiwa kufika Mshtarii Julai 2031 na hatimaye kuuzunguka Ganymede, mwezi mkubwa kuliko sayari ya Utaridi. Eriali ya rada yake, yenye urefu wa mita 16, nayo iligoma kufunguka, hata watu wakaikumbuka Galileo; lakini safari hii waliitikisa ikaachia baada ya wiki chache. Kipimo chake cha usumaku kiko chini ya Profesa Dougherty yule yule.

Europa Clipper cha Marekani kiliondoka Florida Oktoba 14, 2024, nacho kinatazamiwa kufika Aprili 2030. Hakitauzunguka Europa wenyewe, kwani eneo lile limejaa miale inayoua mitambo. Kitauzunguka Mshtarii na kuchungulia Europa mara 49, mara nyingine kwa umbali wa kilomita 25, kisha kukimbia nje kupumua. Katikati ya 2024 iligundulika kwamba baadhi ya transista zake huenda zisiistahimili miale hiyo, na kwa miezi minne wahandisi walipima usiku na mchana wakijiuliza kama safari iahirishwe. Waliona kwamba vile vipindi vya kupumua vinatosha kuziponya kwa sehemu. Katika bamba la chuma lililofunika mitambo yake imechorwa michoro ya sauti za watu wakitamka neno la maji katika lugha 103.

Clipper hakikutengenezwa kutafuta uhai. Kitapima unene wa barafu, chumvi ya bahari na kina chake. Kurudi Enceladus ni mpango wa Ulaya wa kurusha chombo katika miaka ya 2040, na hakuna faida ya kukiharakisha. Zohali hulizunguka jua kwa miaka 29, na kuanzia mwisho wa miaka ya 2030 ncha ya kusini yenye zile nyufa itaingia katika giza la karibu miaka 15. Kwa hiyo chombo kimepangiwa kufika katika miaka ya 2050, jua litakapokuwa limeanza kurudi huko.